Bundi wa Silvana Wasiguswe

Sogeeni karibu, wanangu. Wewe Urbano kaa hapa kichwani pa kitanda unishike mgongo, na wewe Lucia zima hiyo simu, maana pumzi niliyobaki nayo ni ndogo na sitaki kuimaliza kwa kurudia maneno. Padre alinipaka mafuta jana mchana, akaniomba nimsamehe mjomba wenu Polikarp kabla sijaondoka. Nilimjibu kwamba nimesikia. Sikumwambia kwamba nimekubali.

Shamba la bondeni ni la Lucia, na asije mtu akawaambia mwanamke hapewi shamba, kwa kuwa hata mimi nilipewa na mama yangu. Ng'ombe na nyumba hii ni vya Urbano. Ile miti niliyoipanda mpakani, pamoja na masanduku ya mbao niliyoyatundika humo bundi wakataga, ni yenu wote wawili, na hakuna atakayeikata, si kwa kuni, si kwa mbao, si kwa kumwonea huruma yule anayelala upande wa pili. Watu wakiwauliza sababu, waambieni haya.

Bibi yenu Silvana ndiye aliyemlea Polikarp. Polikarp ni mtoto wa kaka yake baba yangu. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, mama yangu akamchukua, akampa ziwa moja na mimi lingine, tukakua tukila ugali wa ulezi katika sahani moja. Nyuma ya nyumba yetu hapa Mollo kulikuwa na mkuyu wenye tundu, na humo waliishi bundi tangu sijazaliwa. Mama hakuwafuga wala hakuwalisha. Aliwaacha tu, kwa sababu aliona kihenge chetu hakishambuliwi na panya kama vya wengine.

Kisha mtoto wa kwanza wa Polikarp akashikwa na homa, akafa kabla hajafikishwa hospitali, na bundi mmoja alikuwa amesikika akilia juu ya paa lake. Uchungu wa kuzika mtoto naujua, nami nililia kwenye msiba ule. Lakini hata Jumapili iliyofuata haikupita, Polikarp akasimama nje ya kigango baada ya ibada, watu hawajatawanyika, akamnyooshea kidole mwanamke aliyemnyonyesha, akasema, "Silvana ndiye amemla mwanangu, na wale ndege ndio anaowatuma."

Huku kwetu mnajua maneno ya namna hiyo yanafanya nini. Waliuchoma ule mkuyu, makinda yakiwa ndani. Wakazunguka na marungu kwenye maghala na vilimani wakiua kila bundi waliyemwona, na paka mwitu pia, wakidai nao wametumwa. Mama alifukuzwa akiwa na nguo aliyovaa tu. Nikampangia chumba mjini, Mazwi, nikakaa naye, na humo akawa kila asubuhi ananiuliza kama ulezi wake umepaliwa, na kila asubuhi nikamdanganya kwamba umepaliwa, mpaka akafa. Polikarp hakuja kumzika. Nami nikarudi hapa shambani.

Sasa sikilizeni kilichomfuata. Mvua za msimu uliofuata zilinyesha vizuri, mahindi yakajaa, na panya wakapata chakula wasichowahi kukipata, tena bila wa kuwawinda. Panya jike hazai mmoja, wanangu, na wale aliowazaa nao wanazaa kabla mahindi ya msimu huo hayajakauka. Mwanzoni tuliwaona pembeni mwa mashamba tukawapuuza. Tulipokuja kushtuka walikuwa wanafukua mbegu nyuma ya mtu anayepanda, wanaukwea ulezi na kuulaza chini, wanawauma watoto vidole wakiwa wamelala. Polikarp akaleta sumu na kuimwaga kila mahali. Panya wengi wakafa, ni kweli, lakini paka waliowala wakafa, nguchiro wakafa, na panya wachache waliopona wakajikuta hawana tena wa kumwogopa, wakarudi wengi kuliko kwanza. Nilimwona Polikarp amepiga magoti mbele ya kihenge chake, anachota makapi na mavi ya panya kwa viganja. Nilifurahi, wanangu. Nilifurahi mpaka nilipogeuka nikaona na kihenge changu kimetobolewa, kwa maana panya hajui mpaka wa shamba.

Ndipo akaja Jane, yule bibi shamba, akatuambia mkutanoni kwamba wale tuliowaua ndio waliokuwa wanawapunguza panya. Watu waliangalia chini. Polikarp aliangalia pembeni. Serikali ya kijiji ikapitisha kwamba atakayeua bundi atatozwa faini, nami nikapanda miti na kutundika masanduku, nikangoja kwa miaka. Bundi walikuja mmoja mmoja kutoka kwenye miamba ya Lyamba lya Mfipa. Panya wakiwa wengi, bundi walilea makinda mengi; panya wakipungua, nao walilea machache.

Kuna siku nilimwita mtu wa msumeno nikitaka kuiangusha miti yote, ili panya warudi kumla Polikarp uzeeni. Nikakumbuka watakula na vyenu, nikamrudisha. Badala yake nikayahamisha masanduku na kuyaelekeza kwenye dirisha la chumba anacholala. Kila giza likiingia anawasikia, na anaogopa, najua anaogopa, mkewe alimwambia Lucia kwamba hujifunika blanketi mpaka kichwani. Na asubuhi anaamka anakula mahindi yaliyolindwa na ndege wale wale. Hicho ndicho kisasi changu, ninawaachia mkitunze. Sanduku likioza, tengenezeni jingine. Akiwaomba mlisogeze, msilisogeze hata hatua.

Lucia, nipe maji... basi, yametosha.

Mnizike Mazwi, kando ya mama. Msiache watu wakae msibani bila kula. Urbano, usimpige mtoto wa Polikarp hata akikuchokoza, huyo hakutukosea kitu. Mungu awape mvua kwa wakati wake, awape watoto, na watoto wenu wakae katika ardhi hii bila kufukuzwa na mtu. Lucia, mwanangu, ubarikiwe. Urbano, ubarikiwe.

Nani anapiga hodi? Najua ni yeye, mmeanza kutazamana. Amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, anataka aingie peke yake aninong'oneze. Hapana. Alimtukana mama yangu nje ya kigango, watu wakisikia... Mwambieni aende pale pale, Jumapili, aseme Silvana hakuwa mchawi. Akishasema, ashike koleo anifukie. Asiposema...

Funga mlango, Urbano. Mwambie mama amelala.