Dewey Stidham na Risasi Mbili za Kaunti

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Dewey Stidham, mlinzi wa mahakama yetu. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Aliuawa Jumanne, mlangoni pa mahakama, bastola yake ikiwa kiunoni, alani. Narudia: ikiwa alani.

Aliyemlea ni shangazi yake, Verna. Mnamjua. Ndiye yule mama anayefundisha watu kujilinda kwa silaha, kule kwenye machimbo ya zamani ya makaa ya mawe. Kila mwaka Verna hufunga darasa lake akaenda kuwa mwanafunzi kwa mtu mwingine. Mkono wa kulia ulipoanza kukakamaa, akajifunza upya kwa wa kushoto, uzeeni.

"Shangazi, kwani wewe bado hujahitimu tu?" Dewey alimtania.

"Waliohitimu wako makaburini, mjinga wewe. Shika bastola."

Sasa, ubaya wenyewe ni huu. Mtihani wa shabaha wa walinzi wa kaunti ni risasi mbili, kisha bastola inarudi alani. Haraka, maana wanapimwa kwa saa. Risasi mbili, alani. Mkono ukishazoea hivyo, hauulizi tena. Verna aliliona hilo. Kila Jumapili wakitoka kanisani, hata maharage na mkate wa mahindi havijaguswa, alimpeleka Dewey machimboni. Piga. Usirudishe. Tazama kama adui ameanguka. Tazama na wa nyuma yake.

Jumapili Dewey alipona. Jumatatu kaunti ikamwambukiza upya.

"Kichwa changu kina walimu wawili, Shangazi," alisema. "Na mmoja ndiye anayenilipa."

Verna akawaendea wakuu wa kaunti. Akawaambia wanafundisha watu kufa. Mmoja akacheka: "Mama Verna, wanafunzi wamekuishia, sasa unatutafuta sisi?"

Jumanne akaja mwanamume mwenye bunduki. Dewey alipiga mbili. Zote zilimpata. Kisha mkono ukarudisha bastola, wenyewe, kama ulivyofunzwa. Yule mtu alikuwa bado amesimama.

Mazishini mkuu mmoja alisema Dewey alifuata mafunzo barabara. Verna akamjibu palepale, mbele ya jeneza: "Ndiyo. Ndiyo maana tuko hapa." Mimi nami nilimzika mke wangu nikiambiwa hivyohivyo, utaratibu ulifuatwa. Wao utaratibu hauwaui.

Jana Verna alimsubiri mlinzi mpya nje ya mahakama.

"Mwanangu, Jumapili una nafasi?"

Yule bwana akatazama viatu vyake. "Nimekatazwa kuja kwako, mama."

Pole Lorene, mjane wa Dewey. Pole Shangazi Verna. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mkikaa mezani leo, jiulizeni: mkono wako umezoeshwa nini, na nani, na mara ya mwisho kuuchunguza ilikuwa lini?

Mlinzi mpya anaanza kazi kesho asubuhi.