Wakala wa Kiasili

ROSELYNE: Haloo? Ni nani, bana, niko darasani—

HIRAM: Ni mimi. Hiram wa Kitale. Baba ya bwanako.

ROSELYNE: Ai! Pole, Baba. Ngoja nitoke nje. Habari ya—

HIRAM: Wacha habari. Yule profesa aliyenirekodi mambo ya shamba la mzungu ameleta kitabu. Anataka sahihi yangu sasa hivi ndio kichapwe. Yuko hapo nje kwa gari, hata injini hajazima.

ROSELYNE: Si utie tu, Baba?

HIRAM: Kwa kitu sielewi? Baba yangu alibandika kidole gumba kwa karatasi ya mzungu hivyo hivyo, tukalala nje. Sikiza: “Chini ya mtaji wa walowezi, urekebishaji wa umiliki wa mifugo uliratibiwa na wakala wa kiasili.” Nimesoma Kiswahili cha magazeti miaka hamsini. Hiki sijakutana nacho!

ROSELYNE: Urekebishaji… ni kusema ng’ombe wenu walichukuliwa.

HIRAM: Walichukuliwa! Kama mahari? Mama yangu Nyaguthii alishikilia mkia wa ndama akaburutwa mpaka kwa zizi ya mzungu. Nilimwambia profesa hivyo, akatingisha kichwa, halafu akaenda kuipaka hadithi yangu sabuni!

ROSELYNE: Pole pole, Baba. Na wakala wa kiasili ni Mwafrika aliyetumwa. Nyapara.

HIRAM: Hiyo najua.

ROSELYNE: Sasa kama unajua, mbona—

HIRAM: Nilimpa jina la huyo nyapara, akalificha. Nataka lirudi. Ndio nimekupigia.

ROSELYNE: Mimi tena? Baba, uko hapo? Netiwaki—

HIRAM: Alitoka Chwele. Alikuwa hana kidole kimoja.

ROSELYNE: Mkono wa kushoto.

HIRAM: Eeh.

ROSELYNE: Babu Mukhisa alituambia ni mashine ya kukoboa mahindi.

HIRAM: Ilikuwa mlango wa zizi. Siku hiyo hiyo.

ROSELYNE: Na mlipokuja kuniposa… picha yake ilikuwa ukutani, juu yako.

HIRAM: Mlinipa firigisi ya mgeni wa heshima. Nikatafuna, nikanyamaza. Kijana wangu alikuwa ameshachagua.

ROSELYNE: Baba yangu angali hai. Akilisoma jina la baba yake kwa kitabu—

HIRAM: Ndio nauliza. Ukisema lisiandikwe, namrudishia karatasi bila sahihi. Ife na mimi.

ROSELYNE: Ife? Na mkia wa ndama je?

HIRAM: Sema haraka, krediti inaisha. Ona, ameanza kupiga honi!

ROSELYNE: Liandikwe. Mukhisa wa Chwele. Kwa baba nitaenda mwenyewe. Lakini, Baba—

HIRAM: Nini?

ROSELYNE: Mzungu mwenyewe ako wapi humo? Jina lake?

HIRAM: Si ako— ngoja… “mtaji wa walowezi”… ngoja… [karatasi zinafunuliwa] Hayuko! Ati mtaji! Mtaji hushika bunduki? Roselyne, kalamu unayo? Andika, asinipotelee tena. Alikuwa anaitwa—

ROSELYNE: Haloo? Baba? Anaitwa nani? Haloo?