Mashine ya Watatu, Injini Tatu

Joubert Park, kwenye kona yenye robot, taa ya barabarani, iliyozimika tangu wiki jana, pana benchi, birika la Epiphanie, mama muuza kahawa, na kompyuta yenye mashine ya nakala, iliyonunuliwa kwa mchango wa wanaume watatu. Sharti lake ni moja: habonyezi mtu chochote cha kudumu mpaka wote watatu wakubaliane. Asubuhi ile programu mpya ya kuandikia iligoma kutoa hata ukurasa mmoja kabla haijajibiwa: injini ipi ya kupanga chapa itumike siku zote? pdfLaTeX, XeLaTeX au LuaLaTeX? Tasnifu ya Annick, binti wa Epiphanie, ilitakiwa chuoni kwa barua pepe kabla ya saa sita. Annick alikuwa zamu wodini, simu imefungiwa kabatini. Saa tano ilishagonga. Epiphanie alikuwa amemimina kahawa nje ya kikombe mara mbili.

— Ile ya kwanza, akasema Kang'ethe wa benki, waliyemwita Profesa kwa ajili ya miwani. Nimemaliza nayo chuo. Ng'ombe wa maskini hazai!

— Methali hiyo inaingiaje hapo, Prof? Epiphanie akauliza.

— Inaingia tu.

— Kongwe hiyo haisomi fonti zangu, akasema Khatibu, muuza vitenge wa Tanga, jina la benchi Mwinyi. Mimi nataka mabango ya Kiarabu. XeLaTeX, bwana.

— Bango lako na tasnifu ya mtoto wangu wapi na wapi? Epiphanie akauliza.

— Mama Annick, hii ni ya siku zote. Ukikosea leo, umewakosea wajukuu.

Égide, fundi simu, Mrundi mwenzake Epiphanie, akatikisa kichwa.

— LuaLaTeX. Hiyo ina akili ndani, voilà. Itajifikiria yenyewe.

— Ikijifikiria itakula umeme, Profesa akadakia. Unadhani robot hii imezimwa na nini? Watu wanaweka injini nzito majumbani!

— Eish, Prof! Égide akacheka.

— Cheka. Haba na haba hujaza kibaba.

— Basi na ile yako kongwe ndiyo imejaza mashimo barabarani, Khatibu akasema.

Epiphanie alitazama saa. Dakika ishirini zimekwenda. Akasimama, akaketi, akasimama tena.

Ndipo akaja Bushra, mwanamke aliyetaka nakala mbili za kitambulisho. Akangoja, akasikiliza, kisha akauliza taratibu:

— Samahani jamani, mwenye kazi yeye aliandikia ipi?

Profesa akavua miwani, akaifuta kwa shati.

— Kwenye faili haikuandikwa? Bushra akaongeza.

Profesa akamtazama Mwinyi. Mwinyi akamtazama Égide.

— Faili hatujalifungua, Égide akasema. Tulikuwa bado tunachagua.

Epiphanie akakusanya vikombe, hata cha Profesa kilichokuwa nusu.

— Kahawa imekwisha.

— Mbona naisikia inacheza ndani ya birika? Profesa akauliza.

— Imekwisha.

Akaigeuza kompyuta kwake, akafungua faili. Mstari wa kwanza kabisa, alioandika Annick mwenyewe: XeLaTeX. Akabonyeza. Mwinyi akapiga makofi mara moja, akaacha alipoona uso wake.

— Na sharti letu, mama? Profesa akauliza. Hatujakubaliana!

— Kaeni mkubaliane.

Kurasa zikaanza kutoka kwenye skrini. Ya kumi na mbili. Ya thelathini. Saa tano na dakika thelathini na tano. Nyuma yake wale watatu walikuwa wameshaanza upya kubishana, midomo ikiwakauka, na Epiphanie akihesabu kwa kidole: arobaini na moja, arobaini na mbili.