Moshi Ulipoisha

Mvua ilishuka ghafula kutoka milimani, na Mama Feza, anayetuuzia kahawa kwenye kona yetu ya Songo, karibu na ziwa, akashusha bashi za turubai pande zote nne za kibanda chake. Benchini tulikuwa watatu: mimi, pamoja na Akram, tunayemwita Docteur kwa sababu aliwahi kufagia pharmacie, duka la dawa, na Kizito, yaani Avocat, wakili wetu, ambaye hajakubali kushindwa kesi yoyote ya benchi. Mbabula, jiko la makala, yaani makaa, ilikuwa miguuni petu. Makala yalikuwa yamelowa, Feza akayawasha kwa mifuko ya plastiki, na moshi ule mweusi ukatukohoza mpaka machozi. Ulipoisha, makala yakabaki mekundu, bila harufu. Tukadhani tumepona.

Haukupita muda mrefu, kichwa kikaanza kunigonga.

— Minye kichwa inaniuma, nikasema.

— Ni kahawa, Docteur akajibu. Leo iko nguvu.

Avocat akapinga: ni ile plastiki, bado iko kifuani. Docteur akadai radi ndiyo inayosukuma hewa nzito chini. Avocat akapanda juu zaidi: ziwa letu nalo limeanza kutoa gesi, kama wanavyosema juu ya ziwa Kivu. Nikaomba tuinue bashi kidogo.

— Haraka haraka haina baraka, Avocat akasema. Mvua itatulowesha.

— Na moshi iko wapi? Docteur akaongeza. Bazee balisema, pasipo moshi hapana moto.

Kikombe kikamponyoka Feza. Akasema miguu haimsikii, akaketi chini, akalala ubavu. Nilitaka kusimama, magoti yakakataa. Wale wawili walikuwa bado wanabishana juu ya gesi ya ziwani.

Ndipo mwanamke mwenye kikapu cha muhogo, aliyekimbia mvua, akainua bashi aingie. Baadaye tulijua anaitwa Annie, mtu wa mji wa Sange. Alitazama mara moja, akaiburuta mbabula nje, akararua bashi, akamvuta Feza hewani. Mvua ikampiga usoni, Feza akatapika, akafungua macho. Annie akatuambia kwamba makala, hata yakiwa hayana moshi, hutoa hewa mbaya isiyo na harufu. Shangazi yake aliuawa na hewa hiyo chumbani, mlango umefungwa.

Feza alipakiwa kwenye pikipiki hadi kituo cha afya, akalazwa siku mbili, akapona. Lakini pikipiki haijafika hata barabarani, Docteur alikwishaanza kueleza kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Annie akamkata.

— Huyu mama alianguka mbele yenu. Nani kati yenu aliita hata jina yake?