Albamu ya Mkonga, Bila Mkonga

Baada ya miaka thelathini na moja katika bendi ya redio yetu, Mkonga anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina hilo alipewa na mpiga ngoma siku ya kwanza, aliposukuma mkono wa tromboni yake ukamvua kofia mpiga saksafoni aliyekaa mbele, ambaye ndiye mwandishi wa maneno haya. Tangu hapo akahamishiwa nyuma kabisa, ukutani.

Kazi yake kubwa ni albamu ya jazi aliyoiongoza mwenyewe, nyimbo nane. Si jazi ya kuumiza kichwa. Ni ile ya kutikisa mguu, besi ikitembea taratibu na tromboni ikiongea kama mjomba aliyeshiba. Alikuwa na haja moja tu: watoto wake wasikie baba anafanya nini kazini, maana kule ukutani alikuwa hasikiki.

Basi, wakubwa wakaingia! Mkuu wa vipindi wa wakati huo, ambaye leo ndiye mkurugenzi wetu, alisema tromboni ni ya kusindikiza, haijapata kuongoza hata maandamano. Akaamuru ishushwe sauti, tarumbeta ipandishwe. Jamani, albamu ya mtu, na mwenyewe hasikiki! Na jaladani wakampiga picha ameshika tarumbeta, eti tromboni haienei. Mtu hajui tofauti ya tromboni na bomba la maji, halafu anajiita sikio la wasikilizaji. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kwetu kizuri kilizibwa mdomo. Binti wa Mkonga, mdogo wakati huo, aliisikiliza yote, kisha akamuuliza baba yake kama siku ya kurekodi alikuwa mgonjwa. Mkonga alitusimulia huku akicheka. Sisi hatukucheka.

Bahati nzuri fundi mitambo wetu, mama asiyetupa kitu, alihifadhi sauti ya kila ala peke yake. Wiki hii ameichanganya albamu upya bila kumwomba mtu ruhusa. Itapigwa ukumbini Ijumaa, nyimbo zote nane, kabla ya hotuba. Mkurugenzi tumemwekea kiti cha heshima, ubavuni mwa spika kubwa.

Asante, Mkonga, kwa pumzi yako yote. Nenda kapumzike na shemeji yetu, na upulize sebuleni hadi majirani wagonge ukuta. Tunakutakia uzee mwema, wenye kelele. Binti yako naye tumemwekea kiti mbele, asikie mwenyewe kwamba siku ile hukuwa mgonjwa.