Niliiba Sauti ya Mwende

Hapana, hakuna mtu alinishikia panga kwa shingo. Nilifanya na mdomo yangu mwenyewe, na niliona ni tamu. Najua hiyo ndiyo mngetaka kuniuliza, sasa nimewajibu mapema, tulieni. Sifa ni ya Mungu, ndugu zangu! Na nyinyi akina mama wa pale nyuma wenye mmeshaanza kunong'onezana, sifa ni ya Mungu hata huko nyuma!

Wengi mnanijua. Mimi ni Nduku, mjane wa yule mchongaji wa twiga hapa Wamunyu. Shule sikuenda hata siku moja, lakini masikio Mungu alinipatia. Nikisikia mtu mara moja, namtoa vile alivyo. Chifu kwa baraza: "Wananchi! Hii nitasema mara moja tu! Sirudii!" Halafu anarudia mpaka jua inazama. Na mchungaji wetu, asinikasirikie, kwanza kikohozi, halafu kitambaa, halafu: "Wapendwaaa..." Ona, anacheka. Kwa kibanda cha wachongaji, pale nilikuwa napiga msasa wanyama na kuwapaka rangi ya viatu wang'ae, watu walikuwa wananiambia, "Nduku, toa mzungu!" Nami namtoa, anaongea na pua, anauliza bei ya ndovu.

Mwenzangu wa msasa alikuwa Mwende. Miaka mingi tumekalia gunia moja. Yeye simba, mimi twiga, vumbi ya mbao tunakula pamoja. Mwende haongeangi sana. Sauti yake iko chini, kama mtu ako na mtoto amelala hapo karibu. Kabla aseme kitu anatoa pumzi kidogo kwa pua, "Hhm." Hiyo sauti naijua kuliko yangu. Muiweke kwa akili, kwa sababu ndiyo niliiba.

Siku hizi watu wanaulizana, hii uhalifu yote imetoka wapi? Chifu anasema, "Ni bangi na uvivu!" Mchungaji anasema ni pepo. Dereva wa wageni anafungua dirisha nusu tu, anasema, "Mama, wazungu wanaogopa, usiku mwema," na ni saa sita mchana! Mimi nitasema yenye niliona na macho. Zamani gari za wageni zilikuwa zinasimama hapa kila siku. Zikaanza kupungua. Oda nazo zikapungua. Huko mbali mashine ikaanza kutoa ndovu kama vile mtu anatoa chapati. Mvua nayo ikakataa, msimu huu na ule mwingine. Mwanaume ameshika tezo tangu akiwa kijana, anachonga twiga mpaka unataka kuipatia majani, jioni anaibeba arudi nayo nyumbani, watoto wanaangalia twiga, twiga inaangalia watoto. Halafu siku moja wageni wawili wakanyang'anywa kamera na watu wa pikipiki hapo barabarani, mmoja akakatwa bega. Gari zikaacha kusimama kabisa. Sasa hata yule hakuwa mwizi akakosa kazi. Mmeona vile inajizungusha? Njaa ilifukuza mgeni, na mgeni akienda anaacha njaa ingine.

Lakini mimi sikuiba kwa sababu ya njaa. Wacha niseme ukweli mbele ya Mungu. Nilikuwa na muthokoi kwa sufuria na mbuzi kwa boma. Niliiba kwa sababu nilisifiwa.

Kioko ni mtoto wa dada yangu, na kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako. Alikuwa mchongaji pia. Alienda pwani kuuzia wageni vinyago kwa hoteli, akarudi hana vinyago, lakini ako na simu tatu. Siku moja akanisikia nikiiga bibi ya chifu akigombana na kuku. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, akaniangalia. "Mwaitu," akaniita, yaani mama, "hiyo mdomo yako ni shamba, na unaiacha tu hivyo bila kulima?"

Ndugu zangu, shetani hajui kupiga kelele. Anajua kusifu.

Sasa kuna kitu ya kwetu, na wenye si Wakamba nitawaelezea. Mjukuu akipewa jina ya babu yake, nyanya anamwita mume wangu. Anamtania tangu akiwa mtoto: "Mume wangu, leo umeniletea nini? Mume wangu, umeshaoa mwingine?" Mwizi wa Nairobi hawezi jua hiyo neno. Hata ukitoa namba ya mtu kwa kompyuta, hiyo neno haiko huko. Iko kwa jikoni. Na Kioko alilelewa kwa jikoni.

Tukaanza. Anatafuta kijana wa kwetu ako kazi mbali, ananiambia nyanya yake ni nani. Hizi soko zote, Wamunyu mpaka Katangi, nyanya gani simjui? Namchukua sauti, napiga. "Mume wangu, umenisahau kabisa? Hii ni laini yangu mpya, ile ya zamani imekufa. Mgongo inanimaliza. Nitumie kitu kidogo ya dawa." Mwanaume mzima na ndevu zake, anakuwa mtoto, ananiita susu, yaani nyanya! "Pole susu! Pole sana susu yangu, natuma saa hii!" Nikikata simu, Kioko anapiga makofi. Mimi nacheka. Alikuwa ananiletea sukari na mafuta, na blanketi ya maua. Nilisema kwa roho yangu, nimeumiza nani? Hii ni simu. Wenye kukata watu ni wale wa panga, na simu haina damu.

Halafu Kioko akasema, "Mwende je? Mjukuu wake, Mutua, si ako kazi Mombasa?"

Hapo ningekataa. Ningeweza! Lakini nilijua simu ya Mwende iliharibika, imelala ndani ya kyondo, kikapu chake, ukutani. Nilijua kwa sababu ni mimi alinionyesha. Na nilijua Mutua amepewa jina ya mume wa Mwende, maana nilikuwa hapo wakati alizaliwa, nilikata kitovu. Nikapiga. "Hhm. Mume wangu, umekula?" Halafu nikaomba kitu kidogo ya paa, na Mutua akatuma. Kila tukipiga, anatuma. Mimi na Mwende tulikuwa tunakalia gunia moja asubuhi, na mchana naenda kukuwa yeye.

Mutua ni mtoto mzuri, na hiyo ndiyo ilileta shida. Akapigia marafiki zake wa hapa: "Angalieni susu yangu. Siku hizi ako na kitu, nimekuwa nikimtumia, msaidieni atengeneze paa." Marafiki wakaambia marafiki. Maneno haina mlango.

Ilikuwa siku ya soko, saa nane ya mchana, boma zote hazina watu. Mwende alikuwa amekaa nje anachagua pojo kwa ungo. Wanaume watatu wakaingia wamefunga nyuso. "Toa pesa ya Mombasa!" "Pesa gani?" "Toa, mama!" "Sina pesa ya Mombasa." Wakadhani ni mkaidi. Walimpiga na ubapa wa panga mpaka mkono wa kulia ukavunjika mara mbili, ule wa msasa. Wakapindua nyumba. Wakaenda na kuku mmoja na ile simu mbovu.

Mimi ndiye nilimpata. Nilipita tu kuomba chumvi. Pojo ilikuwa imemwagika kwa uwanja wote, kijani, na damu katikati. Nikajua hiyo damu ilitoka wapi. Ilitoka kwa simu.

Alipotoka hospitali nilienda kwake kila siku. Nampikia uji, namnywesha, namfunga leso. Anasema, "Asante, Nduku." Kila asante ilikuwa inanikata kama tezo. Nilijaribu kuomba. Ndugu zangu, sikilizeni hii, msicheke. Nilipiga magoti nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya mchungaji! "Wapendwaaa..." Nikajaribu tena, ikatoka ile ya mama kiongozi wa maombi, ile ya kulia-lia. Nimeiga watu maisha yangu yote mpaka siku ya kuongea na Mungu nikatafuta sauti yangu na sikuipata! Siku tatu nilikuwa narudi hapo chini kujaribu. Ya tatu nikasema, bila kikohozi, bila kitambaa, "Mungu, ni Nduku. Mimi ni mwizi." Ilikuwa sauti mbaya, imekwaruza kama msasa mpya. Lakini ilikuwa yangu. Na nikasikia amani imeingia kwa hiyo nyumba. Asante Yesu!

Mengine mmesikia. Nilibeba simu ya Kioko mwenyewe mpaka kituo cha polisi, nikasema yote. Wawili kati ya wale watatu wameshikwa. Kioko ako ndani, anangoja kesi, na mimi pia nitasimama mbele ya hakimu, sijifichi. Mbuzi wangu nimempatia Mutua. Mkono wa Mwende haujanyooka. Nikikumbuka hiyo, sina la kumwambia Mungu isipokuwa asante kwa kunisikia hata hivyo. Kama uko hapa na unakula kwa simu ya uongo, wewe kijana, wewe baba, na usiangalie dari, nakuona, njoo. Usingoje mpaka uone damu kwa pojo. Huyu Mungu hataki sauti nzuri. Mpatie hiyo yako iliyokwaruza, atakushika! Na msiogope, bado naiga. Lakini sasa naiga mtu akiwa amekaa mbele yangu anaona mdomo yangu.

Imebaki siku moja tu sijasema, na ilikuja kabla ya polisi na kabla ya mbuzi. Mutua alikuwa amefika kutoka Mombasa. Amekaa kando ya kitanda, ameshika ule mkono mzima wa susu yake. Mimi nimesimama na bakuli ya uji.

"Susu," akasema, "mbona hukuwapatia tu? Si nimekuwa nikikutumia?"

"Kunitumia nini?"

"Si wewe unanipigia? Unaniita mume wangu, unaniuliza kama nimekula."

Mwende akamwangalia kama mtu ako na homa. Nikaweka bakuli chini. Sikuweza kueleza, kwa hivyo nikaitoa vile ilikuwa: "Hhm. Mume wangu, umekula?"

Mutua aliruka akasimama. Akaangalia mdomo wa susu yake, umefungwa. Akaangalia wangu. Akainua mkono anipige, na Mwende akamvuta shati kutoka nyuma, Mutua akakaa. Nikaanguka chini kwa udongo nikasema ni mimi, yote ni mimi. Nilingoja Mwende anilaani. Nilingoja alie. Aliangalia uji ukifanya ngozi juu. Halafu akaniambia, polepole, kama vile alikuwa ananiambia mahali sijapiga msasa vizuri:

"Sauti umeipata sawa. Lakini mimi siombangi mtu."