Bi Mwaja binti Shebani, Aliyefuata Sadaka Hadi Kinywani

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyetupa na aliyetwaa. Ndugu, majirani na wageni mliopanda vilima kuja hitimani, mimi ni Abdulrahim, mdogo wa marehemu. Haya ni maisha yake kama nilivyoyaona, na sitayapaka sukari, maana mwenyewe asingekubali.

Bi Mwaja alizaliwa Kafuro, Karagwe, mwaka 1862, wakati wa kuvuna maharage. Siku hasa baba hakuiandika. Alikuwa na nguo za kuuza. Baba alitoka Bagamoyo na mama alikuwa Mnyambo wa Nyakatuntu, hivyo dada aliota ndoto kwa lugha mbili. Asubuhi, ukungu ulipojaa mabondeni na vilima vikabaki vinaelea juu yake, alikaa mlangoni akitazama hadi uji ukapoa. Mama alidhani ana usingizi. Kumbe alitaka kujua njia inakwenda wapi ikishaingia ukunguni.

Kurani aliisoma kwa baba, nyuma ya duka, akahitimu akiwa na miaka kumi na miwili. Alijifunza pia kuandika barua na kupima nafaka kwa pishi. Siku moja baba alimtuma ampelekee mzee kipofu ndizi mbivu kumi. Alirudi jua limepinda, akatangaza kuwa mzee alikula tatu na saba zililiwa na mpwa wake. Baba akacheka, "Nilikutuma upeleke, sikukutuma ukae uangalie." Naye akajibu, "Sasa baba, ningejuaje kama zimefika?"

Tarehe 14 Machi 1881 aliolewa na Ramadhani bin Mgeni, muuza chumvi na kaniki wa Isingiro, mtu mpole aliyemwachia mkewe maneno yote ya nyumba. Walijaliwa binti mmoja, Saada. Shemeji alifariki tarehe 2 Juni 1898, na dada akalishika duka mwenyewe.

Hapo ndipo kazi iliyompa jina ilipoanza. Wafanyabiashara wa Isingiro walikuwa wakitoa zaka na sadaka kwa nyumba za mayatima na wagonjwa, lakini hawakujua kinachofika. Wakamwomba dada awaangalizie. Alikuwa na namna yake: hakutoa taarifa, wala hakumuuliza msimamizi kwanza. Alijifunga kaniki kuukuu, akakaa kwenye mstari na bakuli lake, akala walichokula wenzake huku amefumba macho. Kisha akahesabu: katika vikapu kumi vilivyotolewa, vingapi vimeingia chunguni? Baada ya sala ya Ijumaa watu walikusanyika barazani kwake, naye akasema neno moja tu, "Toeni," au, "Zuieni." Tulimwogopa, na mimi nilijivuna kuwa ndugu yake.

Mwaka 1905 alipima nyumba mbili. Ya Nyakatuntu, ya Mwalimu Abdulatifu, ilipika vikapu vyote kumi. Ya Kibingo, ya Bi Maua, ilipika sita. Dada akauliza vinne viko wapi.

"Waitu, Bi Mkubwa," Maua akamwambia kwa adabu ya Kinyambo, "viwili ni mbegu. Kimoja ni cha wapagazi. Kimoja ni ujira wa mama anayewafunga watoto vidonda vya funza."

"Sadaka haipandwi wala haiajiri mtu," dada akasema. "Sadaka inaliwa." Ijumaa ile akatamka, "Kibingo, zuieni."

Watu wakazuia. Mwaka uliofuata mvua ya masika ikakosekana. Nyakatuntu hawakuwa na akiba hata punje, maana walikuwa wakipika chote, kama dada alivyowasifu. Kibingo, ambako kungekuwa na mavuno ya zile mbegu, shamba lilikuwa nyasi, na mfunga vidonda alikwishaondoka. Watoto wawili wa Maua, Kaihura na dada yake Kokwijuka, wakafa mwezi wa Rajabu.

Nilimwona dada akisikia habari ile. Hakulia. Ijumaa alisimama barazani mbele ya wote akasema, "Nilipima chungu, sikupima nyumba. Maua alikuwa sahihi. Rudisheni mlichozuia, na mimi naongeza cha dukani." Kisha akafunga duka, akaenda Kibingo kwa miguu kuomba radhi. Maua hakumjibu. Alimwonyesha tu mtoto mwenye kidonda na beseni la maji ya moto.

Akabaki huko miaka saba, akifunga vidonda. Alitaka kufanya bure, Maua akakataa: "Kazi ina ujira, mama." Kila mavuno dada alipokea kikapu chake cha maharage mbele ya watu, ameinamisha kichwa. Hakuacha kuwashauri watoaji, ila sasa alikaa kwenye nyumba moja mwezi mzima kabla ya kusema neno, na aliuliza kwanza iwapo kuna mbegu. Radhi aliiomba kila Idi, na kila Idi Maua alimpa chakula bila jibu.

Homa ilimshika tarehe 21 Septemba 1913. Mchana alielea kati ya ndoto na macho, akatabasamu kwa watu tusiowaona. Aliwaita Kaihura na Kokwijuka, akawauliza, "Mmekula?" Alifariki Alhamisi tarehe 9 Oktoba, siku ya nane ya Mfungo Pili, ukungu ukiwa haujaondoka migombani.

Ameacha binti yake Saada, wajukuu watatu, mimi mdogo wake, na watoto kumi na tisa wa Kibingo waliomwita bibi.

Alhamisi ile, kabla jeneza halijatoka uani, niliuliza kama ilivyo desturi yetu: nani anamdai marehemu? Bi Maua akasogea, akaweka mkono juu ya jeneza.

"Mimi namdai," alisema. "Deni langu nimemsamehe, na lilikuwa limekwisha zamani, nilishindwa tu kulitamka. La wale wawili si langu kusamehe. Nendeni naye taratibu, atawakuta huko awaombe mwenyewe."

Mola amfikishe kwao, wampokee, kisha alale usingizi mwema. Amina.